Karo Nyuma ya Karo: Mwongozo kwa Mwenye Evye, Nyundo na Kiburi

Kabla hujashika mwiko, tuelewane kwanza kuhusu neno. Bukavu, karo ni kile kibamba chembamba kinachobandikwa sakafuni au ukutani. Tulilirithi kwa Wabelgiji, tukalipa sauti yetu, likakaa. Mtanzania atakiita kigae au marumaru. Mkenya ukimwambia umemaliza pesa zote kwenye karo atakupongeza, akidhani watoto wako wanasoma, maana kwake karo ni ada ya shule. Na wapo ambao kwao karo ni pale pa kuoshea vyombo, tunapopaita sisi evye. Kwa hiyo mradi wetu, kwa Kiswahili cha watu wote, ni kubandika karo nyuma ya karo kwa pesa ya karo. Kama hukucheka, kamuulize prefe wa shule ya sekondari ya mtoto wako. Sisi pesa hiyo huiita minervali, na mwezi huu haitafika.

Sababu rasmi ya mradi ni mafuta. Sambaza, wale samaki wadogo walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wana tabia ya kulipiza kisasi wakitumbukizwa kwenye kikaango. Mawese nayo yakishagusa ukuta wa chokaa hayatoki. Ukipaka rangi juu yake, baada ya mwezi doa linarudi kuchungulia kama jirani anayetaka kujua mmepika nini. Wazee wetu wa mjini walilimaliza jambo hili kwa rangi ya mafuta: nusu ya chini ya ukuta kijani au kahawia yenye kung'aa, nusu ya juu nyeupe, na kitambaa chenye sabuni kila Jumamosi. Ilifanya kazi vizuri sana. Ndiyo maana hatuitaki tena.

Wewe umeona video. Bwana mmoja wa Kanada, shati safi, muziki wa taratibu, anabandika ukuta mzima kabla chai yake haijapoa. Kabla ya hapo ulikuwa umemwita fundi wa mtaani. Akautazama ukuta, akakutazama usoni, akalitazama gari lililoegeshwa nje ingawa si lako, ndipo akataja bei kwa dola. Ukamwambia utafikiri. Usiku ukakikumbuka kifungu cha 15. Sisemi kile kilichoandikwa katika katiba ya mwaka 2006. Nasema kile cha barabarani, ambacho masimulizi hukipeleka hadi Kasai Kusini ya mwaka 1960, chenye amri moja tu: jitafutie njia. Wazungu wamekuja kugundua kwamba kujifanyia kazi mwenyewe ni burudani ya mwisho wa wiki, wakaijengea maduka makubwa. Sisi tumejichimbia mifereji, tumejilimia barabara ya avenyu, tumejivutia waya kutoka nguzo ya tatu, na hakuna hata mmoja aliyetuambia kwamba muda wote huo tulikuwa tunaburudika.

Basi pima. Meza yangu ya evye ina urefu wa mita 2.40, na kimo nilichotaka kufunika kilikuwa sentimita 60. Zidisha: mita mraba 1.44. Nikaenda dukani Nyawera nikaangalia katoni ya karo za ukutani, zile za sentimita 30 kwa 60. Zimo nane, na ubavuni imeandikwa 1.44. Hapo mtu hushikwa na imani kwamba Mungu mwenyewe alishuka na mita akaupima ukuta wake. Nilinunua katoni moja.

Wewe nunua mbili. Mafundi huongeza moja ya kumi kwa ajili ya zitakazovunjika; kwa mtu anayeshika karo mara ya kwanza, moja ya kumi ni matumaini tu. Tena zinunue siku hiyohiyo. Ubavuni mwa katoni, chini ya vipimo, pana namba ya rangi ambayo hakuna anayeisoma. Karo huchomwa tanuruni kwa mikupuo, na weupe wa mkupuo huu si weupe wa mkupuo ule. Ukirudi baada ya wiki tatu kutafuta karo mbili za kumalizia, muuzaji atakuapia kwa jina la mama yake kwamba ni zilezile. Na pale dukani, chini ya taa yake, ni zilezile. Ukutani kwako zitaonekana kama meno ya bandia.

Na noti zako zikague kabla hujatoka nyumbani. Kongo, dola yenye kidonda pembeni, hata cha milimita mbili, si pesa tena, ni kumbukumbu.

Kuhusu usafiri: katoni hiyo ina zaidi ya kilo 20, na mji huu umejengwa na mtu aliyeichukia miguu ya binadamu. Goma wana chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kwa sababu Goma imelala juu ya lava. Hapa ukiiachilia chukudu Kadutu utaikuta ziwani. Mwenye pikipiki atakubali kubeba katoni mbili, wewe, na mwalimu mmoja anayeelekea njia hiyo. Karo zote zitafika, ila kumi na sita zitakuwa ishirini na tatu. Mpe kazi mama mbebaji. Utamkuta sokoni Kadutu, utamkuta Beach Muhanzi, kamba imepita kwenye paji la uso, mzigo uko mgongoni. Atapanda ngazi za udongo bila kusimama, nawe utamfuata na kile kifuko cha misalaba ya plastiki, ukihema, ukimwomba apunguze mwendo. Akitaja bei, lipa. Hapo sikutanii.

Sasa ukuta wenyewe. Weka nivo, utazame kile kiputo. Kama kimetulia katikati, nivo yako ni mbovu. Kuta zilizonyooka tulikuwa nazo, lakini asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipita hapa na Cyangugu, likaondoka na roho za watu, likatuachia nyufa ambazo hadi leo tunazitundikia kalenda. Na kule Funu wataalamu wameupima mlima wenyewe ukiteremka pole pole, mwaka baada ya mwaka, nyumba zikiwa mgongoni kama mtoto aliyelala. Katika mji wa namna hii, kunyoosha ukuta ni kazi ya Mungu. Yako ni kuzipatanisha karo na ukuta, ili mgeni asing'amue nani kati yao ana makosa.

Ufa mwembamba wa siku nyingi upanue kidogo kwa patasi, uusafishe, uujaze. Ufa unaoingia kidole achana nao, nenda ukatafute mtu wa kuutazama msingi, maana karo zitapasuka palepale, mstari uleule, kana kwamba zilionyeshwa ramani. Na kama nyumba yako ni ya mbao, kama zilivyo nyingi huko Kadutu, funga mwongozo huu. Ubao hutanuka mvua ikija na kunywea jua likirudi. Karo haina mwili wa kucheza ngoma hiyo.

Ile rangi ya mafuta ya wazee sasa nayo inadai heshima yake: sementi haishiki juu ya kitu kinachong'aa. Itabidi uudonoe ukuta kwa nyundo na patasi, alama kila baada ya sentimita chache, hadi uonekane kama umeugua surua. Kazi hii ina kelele. Kelele hiyo, bila wewe kujua, ni kadi ya mwaliko.

Wa kwanza kufika ni jirani wa juu.

“Papa, uko unabomoa?”

“Hapana. Niko nabandika karo.”

“Weye mwenyewe?”

Akanyamaza, akasogeza kiti. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba Bukavu neno “mwenyewe” lina wingi. Kufikia saa nne walikuwa saba. Alikuwepo aliyewahi kumshikia ndoo fundi wa padri. Alikuwepo mwanafunzi wa ujenzi ambaye hakugusa kitu ila alisahihisha kila kitu kwa Kifaransa. Alikuwepo shemeji yangu, ambaye amewahi kuona karo. Mama mkwe alikuja na mkeka wake, kwa maelezo kwamba anapitia tu. Kila mmoja alikuwa na njia yake, na njia zote zilihitaji bia mbili za Primus kabla ya kufafanuliwa.

Lakini usiwafukuze, kwa kuwa mmoja wao atakuwa anasema kweli, na huwezi kujua ni yupi hadi utakapokosea. Kwangu alikuwa mzee mmoja aliyesimama mlangoni muda wote na fimbo yake. Mimi nilikuwa nimeshika karo ya kwanza, nataka kuiketisha kwenye kona ya kushoto, juu ya meza ya sementi, kama bwana wa video.

“Papa,” akasema taratibu, “karo inaanziaka katikati.”

Sikumsikiliza, basi msikilize wewe. Tafuta katikati ya ukuta, shusha uzi wenye jiwe, chora mstari wa wima. Ukianza katikati, vipande vya kukatwa vitaangukia ncha zote mbili na vitalingana. Ukianza konani, utamaliza upande wa pili na kipande chembamba kama ukucha, na jicho la kila mgeni litakwenda palepale. Meza ya evye nayo usiiamini kwamba imelala sawa. Chora mstari wa ulalo kwa nivo, pigilia ubao mnyoofu chini ya mstari huo, ndipo safu ya kwanza iketi juu ya ubao. Mwanya utakaobaki chini uujaze mwishoni. Mimi niliiamini meza. Nilipofika karo ya sita yule mzee akasema tena, bila kuinua sauti, “Ile yako iko inateremuka.” Ilikuwa inateremka. Ilikuwa inaelekea ziwani, kama mifereji yetu yote.

Maji. Igeuze karo, uidondoshee tone mgongoni. Tone likinywewa upesi, hiyo ni fayansi yenye kiu, na ukitumia sementi ya kawaida lazima zilale majini kwanza hadi ziache kutoa mapovu, la sivyo zitainyonya sementi maji kabla haijashika, na baada ya miezi michache zitaanza kushuka moja moja, hasa usiku, hasa ukiwa na wageni. Hii ina maana ya bidoni mbili tatu za njano na beseni la kufulia. Siku ya kazi bomba litakuwa kavu. Litafunguka saa nane za usiku, nawe utaamka kwa furaha ambayo bwana wa Kanada hataijua maishani mwake.

Gundi ya karo ipo madukani, unga wa mfukoni, unakorogwa na maji. Hiyo haitaki karo zilizolowa. Nasema hivi kwa sababu nilizilowesha, kisha nikanunua gundi. Ipake ukutani kwa mwiko wenye meno, ule unaoacha mistari kama shamba la viazi vitamu. Kama huna mwiko huo utatazama huku na huku, na macho yako yatatua kwenye kitana kikubwa cha binti yako. Kinafaa sana. Nunua kingine kabla ya Jumapili, kabla hajataka kwenda kanisani.

Jambo moja mafundi wavivu hulificha: wao hupachika madonge matano ya sementi mgongoni mwa karo, manne pembeni na moja katikati, wakaibamiza ukutani. Kwa macho imekaa. Igonge kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama ngoma, nyuma yake ni upepo, na sufuria ya kwanza itakayoigusa itaipasua. Mgongo wote wa karo lazima ushike. Bandika moja, ibandue papo hapo uone, kisha irudishe. Ni njia chafu, ila ndiyo pekee isiyodanganya.

Kati ya karo na karo weka ile misalaba ya plastiki. Itakwisha kabla ya karo, hilo usilishangae. Hapo mji mzima hutumia njiti za kiberiti, na sijaona kosa lolote katika njiti ya kiberiti. Ni nyembamba, zinalingana, na mama mkwe huwa nazo.

Kukata ndiko kunakotenganisha watu. Vipande vilivyonyooka unaweza kuvikata kwa mkono: chora mstari mmoja wenye nguvu upande unaong'aa kwa kisu cha karo, laza karo juu ya msumari mwembamba uliofuata mstari, bonyeza pande zote mbili kwa pamoja. Pa! Mara nyingine hata inakatika pale ulipotaka. Balaa ni karo itakayozunguka priza, maana inataka tundu la mraba katikati ya mwili, na tundu hilo linataka mashine ya diski, na mashine inataka umeme. Sisi ni watu wa umeme hasa. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapahapa na umezungusha mitambo tangu enzi ya Wabelgiji. Mtambo wa Ruzizi II ulianza kazi mwaka 1989, na Kongo, Rwanda na Burundi hugawana unachozalisha. Baada ya nchi tatu kugawana, mitaa nayo hugawana, kisha nyumba. Zamu yangu iliisha diski ikiwa imefika nusu ya upande wa tatu wa tundu. Nilikaa gizani nimeshika karo yenye mdomo wazi, watu saba wakitoa maoni. Umeme uliporudi ulirudi na nguvu zake zote, na karo ikawa mbili.

Kwa hiyo, kata matundu yote ya priza kwanza, asubuhi na mapema, kabla hujabandika hata moja. Au uifunike priza kwa karo nzima. Kwa jinsi tunavyoitumia, sijui nani angegundua.

Ziache zilale usiku mzima na mchana wake kabla ya kujaza mianya. Wengi hapa hujaza kwa sementi nyeupe, nami nilijaza kwa hiyo kwa sababu ilikuwa nzuri kama kola ya mwanakwaya. Isukume ndani kwa kipande cha mpira, kisha ifute kwa sponji iliyokamuliwa, mkono ukipita mshazari; ukifuta kufuata mwanya utaichota yote itoke. Badilisha maji mara nyingi. Najua, bomba. Kuhusu rangi nashauri kijivu. Nyeupe na mawese haziwezi kukaa nyumba moja.

Siku ya tatu fundi atapita. Yule yule. Atasema amekuja kusalimia tu. Atakaribishwa, ataketi, atainuka, ataikunja mikono nyuma kama daktari, atausogelea ukuta. Hatasema kitu. Atagonga karo ya kwanza kwa kifundo cha kidole: kimya kizuri. Ya pili: kimya. Ya tatu: ngoma. Ya nne: ngoma. Atageuka taratibu.

“Papa, nani alikufanyiaka hii?”

Hapa mwongozo una jibu moja tu, na nakusihi ulijifunze kwa moyo: “Kuna fundi mmoja alitoka Uvira.”

Atatikisa kichwa kwa huruma. Atakueleza mambo ya watu wa Uvira kwa dakika kumi na tano, nawe utakubaliana naye katika kila jambo. Kisha atataja bei. Itakuwa mara mbili ya ile ya kwanza, kwa sababu sasa kuna kubandua, na kubandua ni kazi peke yake. Atadai avansi, na ya usafiri, na ya kunywa maji. Mpe. Atazitoa tano, azirudishe kwa muda wa wimbo mmoja wa redio, akiwa ameketi juu ya bidoni, bila nivo, bila misalaba, bila kitana, na zitanyooka. Usimtazame sana. Inauma.

Sasa turudi kwa sambaza. Jioni ile ile karo zilipokauka, mama wa nyumbani alishika kikaango, akautazama ukuta mpya uking'aa, akatazama chupa ya mawese. Kisha akatoka nacho nje, akaketi kwenye kigoda mbele ya mbabula, chini ya bati, palepale alipokaangia sambaza miaka yote, kwa sababu makaa hayawashwi ndani na jiko la umeme ni la kuwekea redio. “Hapa ndani hapana,” alisema. “Mutachafua karo.” Ukuta ambao haukuwahi kurukiwa na tone la mafuta sasa unalindwa na karo, na karo zinalindwa na marufuku. Kwenye evye pana jagi la maua ya plastiki. Hata maji hayaruhusiwi kuzirukia.

Matengenezo ni madogo. Kile kipande chembamba cha kona ya kulia, kilichotokana na kuanzia kushoto, kifunike kwa kalenda. Chagua ya parokia, huwa pana. Karo mbili za mkupuo mwingine ziwekee thermosi mbele. Wageni usiwaache waingie ovyo: wasimame hatua moja ndani ya mlango, upande wa kushoto, kati ya saa tisa na saa kumi, jua linapoingia dirishani na kuumiza macho kidogo. Kutoka hapo ukuta umenyooka kabisa. Kwangu anayewaonyesha mahali pa kusimama ni kijana wangu wa sekondari. Yuko nyumbani wiki nzima hii, wamemrudisha kwa ajili ya minervali.